Nyanya Ndogo za Kujaza: Kitafunio cha Sherehe Kinachopatikana Keumbu

Nyanya ya kujaza ni nyanya iliyokatwa, ikatolewa mbegu na rojo lake, kisha nafasi iliyobaki ikatiwa chakula kingine kilichopondwa au kukatwakatwa. Na pale nyanya yenyewe inapokuwa ndogo kiasi cha kumalizika kwa tafuno moja au mawili, hugeuka kuwa kitafunio, yaani chakula kidogo ambacho mgeni hukichukua kwa vidole na kukila kabla ya mlo mkuu kupakuliwa. Wapishi wengi wa sherehe hukihesabu kuwa chakula cha hotelini, kinachodai jibini ya dukani, nyanya za aina maalumu na jokofu kubwa, na kwa sababu hiyo hukiacha wanapoitwa kupika katika harusi au mahafali ya vijijini. Dhana hiyo haina msingi katika eneo kama Keumbu, ambako karibu kila kinachohitajika hupatikana sokoni au nyuma ya nyumba, na ambako ugumu halisi wa kazi hautokani na gharama wala vifaa, bali na maji yaliyomo ndani ya nyanya, ambayo mpishi asipoyadhibiti yatamharibia kila kitu alichokiandaa.

Keumbu ni kituo cha biashara kilichoko kando ya barabara itokayo mji wa Kisii kuelekea Keroka na Sotik, katika eneo la Nyaribari Chache, Kaunti ya Kisii, si mbali na mpaka wa Kaunti ya Nyamira. Nyanda hizi za Gusii ziko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hupata mvua inayozidi milimita 1,500 kwa mwaka, na udongo wake hustawisha ndizi, parachichi, chai, mahindi, wimbi na mboga za kienyeji katika vipande vya ardhi vilivyogawanywa kizazi baada ya kizazi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii pekee, sawa na watu zaidi ya 900 kwa kila kilomita ya mraba, na msongamano huo umewafanya wakazi kuwa wazoefu wa kupata mavuno ya namna nyingi katika shamba dogo. Soko la Keumbu hufahamika zaidi kwa ndizi, na ndizi hizo, kama itakavyoonekana, ndizo zinazofaa kuliko vyote kuingia ndani ya nyanya.

Kujaza nyanya si uvumbuzi wa taifa moja. Mmea wenyewe ulitoka Amerika, na miongoni mwa maelezo yake ya kwanza kuandikwa Ulaya ni yale ya Pietro Andrea Mattioli, tabibu na mtaalamu wa mimea wa Kiitaliano, mwaka wa 1544. Ulipoingia katika majiko ya nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania ulikuta desturi ya kujaza mboga imekwisha kukomaa, ndiyo maana Waturuki na Wagiriki huijaza nyanya wali uliotiwa viungo na kuioka, nao Wafaransa wa kusini huijaza nyama ya kusaga. Hivyo vyote ni vyakula vya moto, vikubwa, vya kuliwa mezani. Kilicho karibu zaidi na kitafunio ni chakula maarufu cha Ubelgiji, ambacho ni nyanya mbichi iliyojazwa kamba wadogo wa Bahari ya Kaskazini waliochanganywa na mayonezi, ambayo ni mchuzi mzito wa mayai na mafuta, na kuliwa ikiwa baridi. Chakula hicho cha Wabelgiji kinastahili kuangaliwa kwa sababu kinathibitisha mambo mawili: kwamba nyanya si lazima ipikwe, na kwamba mjazo bora ni ule unaotoka karibu. Kwa Wabelgiji kilicho karibu ni bahari, na kwa Abagusii, yaani wenyeji wa Gusii, ni mgomba, ng'ombe na bustani ya mboga.

Uchaguzi wa nyanya huanzia sokoni. Nyanya zinazouzwa kwa wingi katika masoko ya Kisii na Nyamira ni za kupikia, zenye umbo la yai na nyama nene, za jamii ya Rio Grande na Cal J, na wauzaji huzitenga kwa ukubwa kabla ya kuzipanga kwa mafungu. Fungu la nyanya ndogo kabisa ndilo la bei ya chini, kwa kuwa mnunuzi wa kawaida huona kwamba zinamchosha kumenya na kukata. Lakini kwa kazi hii ndizo bora, maana nyanya ya umbo la yai yenye urefu wa sentimita 4 au 5 ikikatwa katikati kwa upana hutoa vikombe viwili vyenye kuta imara, kila kimoja kikitosha mkono wa mtoto. Nyanya za duara zenye ngozi nyembamba hazifai, kwa kuwa zina vyumba vingi vya mbegu na nyama kidogo, hivyo zikishatolewa rojo hubaki zikilegea. Nyanya cheri, yaani zile ndogo sana zenye ukubwa wa zabibu kubwa au zaidi kidogo, hupendeza macho na hazihitaji kukatwa mara mbili, ila kuzitoboa na kuzijaza mia mbili kwa asubuhi moja ni kazi ya mikono mingi, na hazipatikani sokoni Keumbu kwa uhakika. Anayezitaka ni heri apande miche michache ndani ya magunia yaliyojazwa udongo, chini ya upenu ambapo mvua haifiki.

Suala la mvua si dogo. Katika nyanda zenye unyevu kama hizi, majani ya nyanya yanayokaa yamelowa kwa saa nyingi hushambuliwa na ukungu unaosababisha baka jani chelewa, ugonjwa unaoweza kuliunguza shamba zima ndani ya siku chache, na udongo uliochoka huhifadhi bakteria wa mnyauko ambao huuangusha mmea ukiwa bado wa kijani. Juu ya hayo, tangu 2014 wakulima wa Kenya wamekabiliana na nondo mdogo aitwaye Tuta absoluta, mwenye asili ya Amerika ya Kusini, ambaye kiwavi wake hutoboa majani na matunda, mara nyingi karibu na kikonyo. Ndiyo sababu baadhi ya wakulima wa Gusii hulima nyanya ndani ya vibanda vya plastiki, na pia ndiyo sababu mnunuzi wa nyanya za kujaza hana budi kuigeuza kila nyanya na kuitazama pande zote. Tundu ambalo lingeondolewa kwa ncha ya kisu katika nyanya ya kupikia huifanya nyanya ya kujaza kuwa kikombe kinachovuja, na nyanya iliyopasuka au kutobolewa huwa pia imekwisha kufungua mlango kwa vijidudu.

Nyanya ni maji kwa takriban asilimia 94 au 95 ya uzito wake, na maji hayo yamo ndani ya chembe ndogo ambazo huyashikilia mpaka zikatwe au ziguswe na chumvi. Mpishi asiyelijua hili huikata nyanya, huitia mjazo wenye chumvi, huipanga sahanini kwa ustadi, na baada ya nusu saa hukuta kila kipande kimekaa ndani ya kidimbwi chekundu, mjazo umelegea na ngozi imesinyaa. Kilichotokea ni kwamba chumvi ya mjazo imeyavuta maji kutoka kwenye chembe za nyanya, kwa kuwa maji hupenya utando wa chembe kuelekea upande wenye chumvi nyingi zaidi. Tiba yake ni kuiruhusu chumvi ifanye kazi hiyo mapema, kabla mjazo haujatiwa: vikombe vya nyanya vikishatolewa mbegu kwa kijiko kidogo hunyunyiziwa chumvi kidogo sana kwa ndani, hupinduliwa mdomo chini juu ya kitambaa safi kilichokunjwa, na kuachwa kwa muda wa dakika 20 hadi 30, kisha hupanguswa ndani kwa kitambaa kingine kikavu. Baada ya hapo mjazo wenyewe hutiwa chumvi pungufu kuliko ulimi unavyotaka, kwa kuwa nyanya tayari ina yake. Ni hatua ndogo, isiyogharimu kitu, na hakuna nyingine yenye uzito sawa nayo katika kazi yote hii. Anayeiruka kwa haraka hana namna ya kuifidia baadaye.

Namna ya kukata nayo ina utaratibu wake. Nyanya huoshwa ikiwa nzima, kwa maji safi yanayotiririka, na kukaushwa, kwa kuwa uchafu ulio kwenye ngozi hubebwa na kisu mpaka ndani. Kisu chenye meno madogo huikata ngozi bila kuibonyeza, ilhali kisu butu huiponda na kuyamwaga maji ambayo yangebaki ndani ya nyama. Kila nusu hukatwa kipande chembamba upande wa chini ili isimame bila kubingirika, na hapo mkono mwepesi unahitajika, maana ukataji ukizidi kidogo tu tundu hutokea. Ukuta wa nyanya hauna budi kubaki mzima. Mbegu na majimaji ndivyo vinavyotolewa, na zile kuta nyembamba zinazogawa vyumba huondolewa kwa ncha ya kijiko.

Katika mijazo yote inayoweza kutengenezwa Keumbu, ule wa matoke ndio unaostahili kuwekwa mbele. Ndizi mbichi za kupikia humenywa, huchemshwa mpaka ziive vizuri, humwagwa maji, kisha hupondwa zingali moto pamoja na kitunguu kilichokaangwa kwa mafuta kidogo, dhania iliyokatwa laini sana, na kijiko au viwili vya maziwa mala mazito. Wanga uliomo ndani ya ndizi, yaani ile sehemu inayoifanya iwe nzito na kushikamana inapopikwa, hunyonya unyevu unaoendelea kutoka kwenye kuta za nyanya badala ya kuuacha utiririke, hivyo kitafunio hubaki kikavu kwa nje na laini kwa ndani kwa muda mrefu kuliko kilichojazwa mayonezi au parachichi. Ladha nayo hupatana, kwa sababu matoke ni poa na ya unga, nayo nyanya ina uchachu unaoyaamsha. Shida yake ni moja: matoke yaliyopoa bila mafuta wala maziwa hukauka na kuwa magumu, kwa hiyo kuyaponda yakiwa moto na kuyatia kitu cha kuyalainisha si hiari ya mpishi.

Mjazo wa pili unatokana na maziwa yaitwayo kwa Ekegusii amabere amaruranu, ambayo ni maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, yakapozwa, yakatiwa katika kibuyu chenye masalia ya maziwa yaliyokwisha kuganda, na kuachwa siku kadhaa mpaka yawe mazito na machachu. Maziwa hayo yakimiminwa ndani ya kitambaa cheupe kilichochemshwa, kikafungwa na kutundikwa juu ya sufuria, maji yake huchuruzika polepole na kinachosalia kitambaani ni jibini laini, nyeupe, inayopakika, ambayo haikupitia kiwanda chochote na kwa ladha haipungukiwi na ile ya dukani. Kwa kuwa ni chachu, hupokea vizuri mboga chungu, na hapo ndipo chinsaga, mboga ambayo pia huitwa saga, hupata nafasi yake. Desturi ya Abagusii ni kuipika saga kwa muda mrefu na kuilainisha kwa maziwa ili kupunguza uchungu. Saga iliyopikwa hivyo, ikakamuliwa maji yote na kukatwa laini, kisha ikachanganywa na jibini hiyo kwa kiasi cha sehemu moja ya mboga kwa sehemu mbili za jibini, hutoa mjazo wa kijani na mweupe ambao mgeni yeyote aliyekulia eneo hili ataujua kwa ulimi kabla hajaambiwa ni nini. Wanaopeleka chakula kama hiki mbele ya wageni wa heshima bila kukionea haya wanaifanyia mboga hiyo haki ambayo imekawia, kwani kwa miaka mingi saga na managu, mboga nyingine ya kienyeji, vimeachwa jikoni wageni wanapofika, mahali pake pakachukuliwa na kabichi.

Parachichi, ambalo huanguka chini ya miti kwa wingi katika msimu wake, ni mjazo mwepesi kutengeneza lakini mgumu kutunza, kwa kuwa nyama yake hubadilika rangi na kuwa ya kahawia mara inapokutana na hewa. Ndimu huchelewesha badiliko hilo lakini hailizuii, hivyo mjazo huo upondwe mwisho wa kazi yote na uliwe kwanza. Mayai ya kuchemsha yaliyopondwa, au omena, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, walioondolewa vichwa, wakakaangwa wakauke na kuchanganywa na kitunguu, hufaa pia.

Mpishi wa Keumbu hana budi kuzingatia pia imani ya wageni wake. Kanisa la Waadventista wa Sabato, ambalo lilianzisha misheni yake ya kwanza magharibi mwa Kenya huko Gendia mwaka wa 1906 na baadaye kuingia Gusii kupitia Nyanchwa, lina wafuasi wengi mno katika kaunti za Kisii na Nyamira, na mafundisho yake huwakataza waumini kula nyama ya nguruwe pamoja na viumbe wa majini wasio na mapezi na magamba. Kamba wa Wabelgiji hawana nafasi katika meza hiyo. Omena, ambaye ni samaki mwenye magamba, anayo. Wapo pia waumini wanaojiepusha na siki na pilipili kali, kwa hiyo uchachu hutafutwa katika ndimu na maziwa, na ukali huachwa kwa bakuli la pembeni.

Jambo linaloathiri kazi zaidi ni ratiba. Sabato huanza jua linapotua siku ya Ijumaa na kumalizika jua linapotua Jumamosi, na kwa sababu hiyo harusi za Wasabato mara nyingi hufanywa Jumapili, ambapo mpishi hujikuta ana usiku mmoja tu kati ya mwisho wa Sabato na kuwasili kwa wageni. Nyanya za kujaza hupatana na ratiba hii vizuri kuliko vitafunio vingi. Maziwa hutundikwa kitambaani Ijumaa mchana na kuachwa yachuruzike yenyewe katika hewa ya baridi ya milimani Sabato nzima, bila mkono wa mtu kuyagusa. Nyanya hununuliwa siku hiyohiyo ya Ijumaa na kupangwa safu moja mahali penye kivuli. Baada ya jua kutua Jumamosi, muda mfupi kupita saa kumi na mbili na nusu jioni, saga hupikwa na kukamuliwa, vitunguu hukaangwa, na jibini hutiwa chumvi na kufunikwa, kisha vyote huwekwa mahali pa baridi kabisa. Ndizi humenywa na kuchemshwa alfajiri ya Jumapili, na nyanya zenyewe hazikatwi mpaka asubuhi.

Nyanya ambazo bado ni nzima hazihitaji jokofu, na kuziweka humo huzipunguzia ladha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida nchini Marekani walionyesha mwaka wa 2016 kwamba nyanya zilizokaa siku saba katika nyuzi 5 za Selsiasi hupoteza sehemu kubwa ya viambato vinavyozipa harufu, kwa kuwa baridi huzima utendaji wa baadhi ya jeni zinazovitengeneza, na kuzirudisha katika joto la kawaida hakurejeshi kilichopotea. Zikishakatwa, hali hubadilika kabisa. Mwongozo wa usalama wa chakula wa Marekani umeziweka nyanya zilizokatwa katika kundi la vyakula vinavyopaswa kuwekwa katika nyuzi 5 au chini yake, kwa kuwa uchachu wake hautoshi kuzuia bakteria kama salmonela, ambao husababisha kuhara na homa, wasizaliane. Na pasipo jokofu, chakula hicho kisipite saa nne kabla ya kuliwa au kutupwa. Kwa sherehe ya kijijini maana yake ni kwamba nyanya zikatwe na kujazwa kwa awamu, sinia moja baada ya jingine, kulingana na wageni wanavyofika, na yeyote anayezishika awe amenawa mikono kwa sabuni. Hotuba za harusi za Gusii zinaweza kuendelea mpaka alasiri, na sinia lililojazwa saa mbili asubuhi halifai tena kupitishwa wakati huo.

Mjazo hutiwa kwa kijiko cha chai au kwa karatasi ngumu isiyopitisha mafuta, iliyoviringishwa mpaka ikawa na ncha kama ya pia na kukatwa ncha hiyo, ambayo hufanya kazi ileile ya mfuko wa kupambia keki. Kwa wageni 100, vipande vitatu kwa kila mmoja vinatosha iwapo mlo mkuu upo, na vipande hivyo 300 hutoka katika nyanya 150 ndogo, ambazo zikiwa na wastani wa gramu 40 kila moja huwa kilo 6. Mjazo unaohitajika, kwa gramu 10 kila kipande, ni kilo 3. Ni hesabu ambayo kikundi cha wanawake watano wanaweza kuimaliza kwa saa mbili, wawili wakikata, mmoja akitoa mbegu na wawili wakijaza. Sahani zake nazo zipo karibu: mawe ya sabuni yanayochongwa Tabaka, katika Mugirango Kusini, hutengenezwa sahani nzito ambazo zikilazwa ndani ya maji ya baridi kwa muda na kupanguswa huendelea kutunza ubaridi huo zikiwa mezani, na jani la mgomba likitandikwa juu yake huzizuia nyanya zisiteleze.

Rojo na mbegu zilizotolewa hazistahili kutupwa, na si kwa ajili ya kubana matumizi pekee. Mwaka wa 1908 mwanakemia wa Kijapani Kikunae Ikeda alibainisha kwamba kiambato kiitwacho glutamati ndicho chanzo cha ladha nzito ya mchuzi mzuri, ile inayofanana na ya supu ya nyama, na uchunguzi uliochapishwa 2007 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, ulikuta kwamba rojo linalozizunguka mbegu lina glutamati nyingi kuliko nyama ya nyanya yenyewe. Kilo 6 za nyanya huacha bakuli kubwa la rojo hilo, ambalo likichujwa mbegu na kuchemshwa mpaka lipungue hadi nusu hutiwa katika sufuria ya kuku wa kienyeji anayepikwa kwa ajili ya mlo mkuu, dakika 30 kabla ya kuipua.